Kuku wa Futari: Yaliyotokea Kabla ya Kisu

Ramadhani ya mwaka jana kamati ya futari ya pamoja ilinikabidhi kazi moja tu: kuku. Sababu yao ilikuwa nyepesi. Nasoma udaktari wa mifugo, mwaka wa tatu, na nyumbani nimekuwa nikichinja tangu nikiwa shule ya msingi. Amiri akasema, "Kazi hii imepata mwenyewe." Kuku 90 wa nyama, kutoka banda moja nje kidogo ya Mukono, walitakiwa wafike chuoni Kampala wakiwa hai, wachinjwe kabla ya Alasiri, Hajjati wetu wa jikoni apate muda wa kuwapika kabla adhana ya Magharibi haijaita.

Asubuhi ile nilikuwa na jaribio maabara. Nikampigia simu mwenye banda nikamwambia asimkamate kuku hata mmoja mpaka nifike. Nikafika saa tano na nusu. Saa sita tuliondoka na pikapu, kreti sita zimepangwa tatu juu ya tatu, kila kreti kuku kumi na watano. Barabara ya Jinja unaijua. Jamu Seeta, jamu Kireka, jamu Nakawa. Tuliingia chuoni saa tisa kasorobo.

Tulipofungua kreti za chini, saba walikuwa wamekufa. Wa nane alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, shingo kama uzi uliolowa. Dereva, mtu mwema ambaye si mara ya kwanza kutubebea mizigo, akanishika bega. "Sheikh, mchinje huyo upesi. Bado ana roho." Kisu kilikuwa mkononi. Nikamgusa pembeni mwa jicho, kope haikutikisika. Nikamwinua kidogo, kichwa kikaanguka. Nikawa bado nafikiri, naye akaishia mikononi mwangu.

Wanane. Kwa shilingi 18,000 kila mmoja, hizo ni 144,000 za michango ya wanafunzi, wengine wao walitoa elfu moja moja. Lakini si fedha iliyonikosesha usingizi usiku ule. Kilichonikosesha usingizi ni zile sekunde nilizokaa na kisu, nikijua kwamba nikipitisha shingoni hakuna atakayeuliza. Ndani ya sufuria kuku wote ni sawa.

Aya ya tatu ya Suratul Maida tunaisoma tangu madrasa. Inataja mzoga, kisha inawataja waliokufa kwa kukabwa, kwa kupigwa, kwa kuporomoka kutoka juu, kwa kupigwa pembe, na walioliwa na mnyama mkali, ila yule mtakayemwahi akiwa hai mkamchinja. Siku zote niliisikia kama orodha ya mambo ya porini, ya wawindaji na wachungaji wa zamani. Siku ile niliiona kwenye pikapu. Mmoja wa wale saba alikuwa amebanwa shingo kati ya ukingo wa kreti na kifuniko chake. Mwingine alikuwa na nyonga iliyochomoka, tumbo limejaa damu. Waliobaki joto liliwamaliza. Kuhusu yule wa nane, walimu wa fiqhi hapa kwetu, ambako wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, huzungumzia uhai thabiti na alama zake: anavyojitikisa kwa nguvu anapokatwa, damu inavyoruka. Kutoa fatwa si kazi yangu, na masuala haya yana matawi mengi. Mwulize Sheikh wako. Kazi yangu katika makala hii ni swali linalotangulia hilo. Ilikuwaje kuku mzima wa asubuhi akafikia hali ya kutiliwa shaka saa tisa?

JOTO LISILO NA MLANGO

Watu wengi hulaumu jua. Jua la Kampala si la kutisha, mara nyingi mchana hatufiki hata nyuzi 30. Shida ni joto la kuku wenyewe.

Kuku mwenye afya ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42, juu kuliko sisi. Likipanda kupita 45, maisha yake yamo hatarini. Naye hana tezi za jasho. Njia yake kubwa ya kujipoza akizidiwa ni kutweta: anafungua mdomo, anapumua haraka haraka, maji yanakauka kwenye njia ya hewa na kuondoka na joto. Njia hii inahitaji hewa kavu inayopita. Sasa fikiria kreti. Kuku mmoja wa kilo mbili hutoa joto la takriban wati 10 hadi 15. Wafunge tisini pamoja, umewasha pasi ya umeme katikati yao, na kila anayetweta anaongeza mvuke kwenye hewa ambayo jirani yake anaihitaji ikiwa kavu. Gari likitembea, upepo unaufagia mvuke ule. Gari likisimama Kireka dakika arobaini, hakuna kinachofagiwa. Ndiyo maana waliokufa walikuwa wa katikati na wa chini, wala si wale wa juu waliopigwa na jua. Mtu akiangalia mzigo wake kwa kutazama kreti za juu tu, atajidanganya mpaka mwisho wa safari.

Kutweta nako kuna gharama. Kila pumzi inatoa hewa ya kaboni, na ikitoka kupita kiasi uwiano wa asidi katika damu unavurugika. Kuku anayejipoza anajidhoofisha papo hapo. Kuku wa nyama tunaowafuga siku hizi amekuzwa afikie kilo mbili katika wiki tano au sita. Misuli ya kidari imekua mbele ya moyo na mapafu. Yule wa kienyeji wa bibi yako kijijini angevumilia zaidi.

Makosa mengine mawili tuliyafanya bila kujua, mimi nikiwemo pamoja na masomo yangu yote. La kwanza, mwenye banda alikuwa amewalisha asubuhi ile wakashiba. Gole la kila kuku niliyemchinja lilikuwa limejaa. Nasikia ni desturi ya wauzaji, mzani uwe mzito. Lakini kumeng'enya chakula kunazalisha joto ndani ya mwili, kwa hiyo tuliwapakia wakiwa na jiko lililokwisha kuwashwa. La pili, tuliposimama kwenye jamu dereva alinunua jerikeni la maji akawamwagia kwa nia njema kabisa. Maji na upepo hupoza. Maji bila upepo, kreti zikiwa zimesongamana, huongeza unyevu tu. Angeliegesha gari mahali wazi penye upepo, au angeliachanisha kreti zile hewa ipite kati yake, angewasaidia zaidi ya jerikeni kumi.

MIKONO

Turudi nyuma kidogo, bandani. Vijana wanne waliingia saa tano na nusu, mwanga umejaa, kuku wakakimbilia pembeni na kupandana. Kila kijana akawa anamnyakua kuku kwa mguu mmoja, wakifika wanne au watano katika kiganja anawabeba vichwa chini hadi kwenye kreti, anawasukumiza ndani. Ilikwisha upesi. Nilifurahia ule upesi.

Mguu mmoja ndio unaochomoa nyonga. Uzito wote wa kuku anayejirusha unaning'inia kwenye kiungo kimoja, kichwa cha mfupa wa paja kinatoka mahali pake, mishipa ya damu inakatika, kuku anavujia damu ndani kimya kimya njia nzima. Kutoka nje huoni kitu.

Ama kumbeba kichwa chini, hata kwa miguu yote miwili, kuna jambo la maumbile ambalo si wengi wanalifahamu. Sisi tuna kiwambo cha misuli kinachotenga kifua na tumbo. Kuku hana kiwambo kama hicho. Ukimgeuza, matumbo, ini na firigisi vinaegemea upande wa mapafu na vifuko vyake vya hewa, na kupumua kunakuwa kazi. Mwaka 1996 watafiti G. Kannan na Joy Mench walichapisha matokeo ya kulinganisha namna za kumbeba kuku wa nyama kwa kupima kotikosteroni, homoni ya msongo, katika damu. Waliobebwa vichwa chini walikuwa nayo nyingi kuliko waliobebwa wima, mabawa yameshikwa.

Hali ni mbaya zaidi kwa kuku wa mayai waliokoma kutaga, wale tunaowapata kwa bei nafuu. Kwa mwaka mzima na zaidi amekuwa akichota chokaa mifupani mwake atengeneze maganda. Mifupa imebaki kama vijiti vikavu. Uingereza mwaka 1989 N. G. Gregory na L. J. Wilkins walichunguza kuku wa aina hiyo waliofugwa kwenye vizimba, wakakuta 29 katika kila 100 tayari wana mfupa uliovunjika kabla hata ya kufikia hatua ya kuuawa. Kilichowavunja ni mikono iliyowatoa vizimbani, kuwapakia na kuwatundika. Sioni sababu ya kudhani mifupa ya kuku wetu ni migumu zaidi, au mikono yetu ni milaini zaidi.

Tena kuna wale kuku wa kienyeji wa mashariki, wanaotoka Soroti na Kumi. Umewaona kwenye Barabara ya Jinja: miguu imefungwa pamoja kwa kamba, wananing'inia kwenye usukani wa boda boda au wamepangwa juu ya basi kama magunia, mamia ya kilomita. Abiria anamtazama mwenzake anasema, "Hao wamezoea."

HAWAKUZOEA

Hili nitalikazia kwa sababu ndilo lililonidanganya mimi mwenyewe. Njiani, kila tuliposimama, nilichungulia kreti nikaona kuku wametulia. Nikamwambia dereva, "Alhamdulillahi, wametulia."

Kuku aliyekamatwa akazidiwa na hofu huganda. Mlaze chali, mshike kifua kwa sekunde chache, mwachie: atabaki amelala, macho wazi, dakika nzima au zaidi. Watoto vijijini huufanya mchezo. Athanasius Kircher, padri mwanazuoni aliyeishi Roma, aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1646 kama maajabu. Leo wataalamu wa tabia za wanyama hutumia urefu wa muda ule kama kipimo cha hofu: anayeganda kwa muda mrefu zaidi ndiye mwenye hofu zaidi. Ni kinga ya mnyama anayewindwa, aliyemo mdomoni mwa mwewe na hana silaha nyingine iliyobaki.

Damu yake ndiyo inayosema kweli. Mwaka 1983 W. B. Gross na H. S. Siegel walionyesha kwamba uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe katika damu ya kuku unabadilika akiwa katika msongo, na mpaka leo maabara yetu inatumia kipimo hicho hicho. Kuku aliye kimya kwenye kreti, kwa darubini, anaweza kuwa anapiga kelele.

Kwa hiyo sasa sitazami utulivu. Natazama mdomo: umefunguka au umefungwa. Natazama mabawa: yamebana mwilini au yameachanishwa. Natazama shingo. Na naingiza mkono hadi kreti ya chini kabisa.

HAJJATI NA SUFURIA

Wale 82 waliobaki niliwachinja kwa pupa, kwa kuwa Magharibi haingojei mtu. Nilipopeleka nyama jikoni Hajjati aliishika, akaibonyeza, akaniita kando. "Mwanangu, kuku hawa mmewapiga?"

Alikuwa anaonyesha mavilio, mekundu kwenye mapaja na kwenye ncha za mabawa. Vilio jekundu ni la dakika au saa chache zilizopita. Likifika siku moja hivi linaanza kugeuka kijani, baadaye manjano. Yetu yote yalikuwa mekundu. Maana yake hayakutoka shambani wiki iliyopita, yalikuwa ya kwetu, ya asubuhi ile. Na damu iliyovilia ndani ya nyama haitoki kwa kukata shingo. Mshipa uliopasuka umeimwaga pale na pale itakaa.

Halafu akalalamika kwamba vidari vingine ni vyeupe kama vimekwisha kuchemshwa na vinatoa maji. Hili nalo lina maelezo. Msuli una akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Baada ya kuchinjwa akiba ile inageuka asidi taratibu, nyama inapoa huku asidi ikipanda, na inakuwa nzuri. Kuku aliyehangaika na joto akapigapiga mabawa hadi dakika ya mwisho anazalisha asidi hiyo upesi mno, nyama ingali ya moto. Asidi na moto pamoja vinaharibu protini. Inapauka, inalegea, inachuruzika. Aliyechoka kwa njaa na safari ndefu yanamkuta kinyume chake: akiba imekwisha kabla ya kisu, asidi haipandi inavyopaswa, nyama inabaki nyeusi na kavu, na kwa kuwa bakteria wanapenda nyama isiyo na asidi, inaoza mapema. Hajjati hajui glaikojeni. Alijua tu kwamba sufuria moja imejaa maji ambayo hakuyatia.

KISU CHENYEWE

Sisi wanafunzi tukizungumzia kuchinja kihalali tunakwenda moja kwa moja kwenye bismillahi, kibla na mishipa mingapi. Ni sawa, na sina la kuongeza hapo. Lakini hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahih Muslim, inaanza kwa upana zaidi: wema umeandikwa juu ya kila kitu, na ndani ya huo kukaja kunoa kisu na kumstarehesha mnyama. Katika mapokezi ya Ibn Abbas, mtu aliyemlaza kondoo kisha akawa ananoa kisu mbele yake alikemewa na Mtume (s.a.w.), akaulizwa kama anataka kumwua mara mbili. Tena Ibn Umar alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, hakuona ni mchezo wa watoto. Mnyama aliyefungwa asiweze kujitetea ana sehemu yake katika Sunna, na kuku mwenye kamba miguuni juu ya boda boda simwoni akiwa mbali na hapo.

Kwa upande wa vitendo, kuna mambo ambayo jikoni kwetu tulikuwa tukiyafanya vibaya. Kuku wakishashushwa wapumzike kivulini penye upepo kabla ya kuanza, si kupokelewa na kisu getini. Mshike mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, au mtie katika faneli ya bati kichwa kitokeze chini. Humo anakaa muda mfupi tu, mabawa hayapigi, na si sawa na kuning'inizwa mguu mmoja njia nzima. Visu viwe zaidi ya kimoja, maana baada ya kuku ishirini makali hupungua hata kama mkono wako hauhisi. Na usimtumbukize kwenye maji ya moto ya kunyonyolea kabla hajatulia kabisa. Mpe dakika mbili tatu. Nimeona, Allah atusamehe, kuku akipiga bawa ndani ya ndoo.

Chakula kizuiwe kati ya saa nane na kumi na mbili kabla ya kuchinja, safari na kungoja vikihesabiwa humo, maji waendelee kunywa hadi wanapokamatwa. Pungufu ya hapo utumbo umejaa na utachafua nyama. Ukizidisha, utumbo unakuwa dhaifu, unapasuka mikononi. Dada mmoja wa kamati alicheka nilipomweleza: kumbe kuku nao wanafunga, ila tunawanyima daku.

MARA YA PILI

Ilikuwa Idd el-Adha, maana si kila mwanafunzi anarudi kwao, na kamati ilitaka kuku 90 tena. Nilidhani watampa mtu mwingine kazi. Amiri akaniambia, "Wewe ndiye uliyelipia somo, utupe faida yake."

Safari hii nilifika bandani baada ya Isha. Mwenye banda alikuwa ameondoa vyombo vya chakula mapema jioni. Tukazima taa, tukabaki na tochi moja iliyofunikwa kwa karatasi ya buluu, kwa kuwa kuku haoni vizuri katika mwanga hafifu wa buluu, na asipoona hakimbii. Vijana wale wale wanne, kila mmoja akabeba kuku wawili tu kwa safari, wima, mabawa yamezibwa na viganja. Walinung'unika sana. Ilichukua zaidi ya saa moja kwa kazi waliyokuwa wakiimaliza kwa dakika ishirini, na niliongeza malipo yao kwa fedha ambayo kamati haikuipenda. Kreti zilikuwa tisa, kuku kumi kwa kila moja, na kati ya safu niliweka vipande vya mbao hewa ipite.

Tuliondoka saa tisa na nusu za usiku, hewa ya baridi. Seeta hapakuwa na gari. Dereva ni yule yule. Tulisimama mara moja tu, kituo cha mafuta cha Namanve, na kabla sijafungua mdomo akaliegesha gari ubavu kwa upepo, akashuka na tochi, akaingiza mkono hadi kreti za chini. Tulipofika chuoni adhana ya Alfajiri ilikuwa haijaadhiniwa. Akahesabu mwenyewe, kreti moja baada ya nyingine.

"Tisini, Sheikh. Mmoja bawa limevunjika."

Nikahesabu tena. Walikuwa 90. Yule wa bawa nilianza naye.